Baraka Aliyoiomba Jenerali

Jumamosi, 7 Septemba 2002

Posadas. Miaka thelathini na mitatu leo tangu nivuke mto wa mpaka. Nilivuka nikiwa mwalimu wa miaka thelathini na tisa, mwenye kiatu kimoja. Sasa nina sabini na miwili, na viatu vya kutosha.

Asubuhi nilikuwa kwa kinyozi Crispín, kama kila Jumamosi. Yeye ndiye katibu wa tawi la chama chetu huku ng'ambo. Tawi! Wazee sita na kiti kimoja cha kuzunguka. Pembe ya terere, chai yetu ya maji baridi, ilikuwa inapita mkono kwa mkono, barafu ikigonga ndani ya jagi, na Crispín alikuwa na habari. Chama nyumbani kinamtaka Jenerali Wenceslao Ovelar agombee urais. Ameshastaafu. Uteuzi ni Desemba.

"Jenerali msafi," alisema, wembe hewani. "Hana jumba Miami, hana ng'ombe wa wizi, hana hata mke wa pili."

"Sasa huyo ni jenerali wa wapi?" akauliza mmoja wetu, na wote wakacheka.

Kisha Crispín akanigeukia. Si mimi niliyemsimamia jenerali kipaimara? Si yeye aliyenitoa kambini? Ndiyo, na ndiyo.

"Basi, Don Isidro! Luteni aliyehatarisha shingo yake kwa ajili ya mwalimu wake! Hiyo peke yake inabeba mkoa mzima."

"Na mdogo wangu Celso?" nikauliza.

Crispín akalirudia shavu la mteja. Pembe ikanifikia, nikanywa, nikasema asante — na kwetu ukishasema asante umemaliza, hupewi tena. Nikaondoka.

Jumapili, 8 Septemba

Nataka kumtendea haki. Kwa hiyo naandika ninachokijua, si ninachokihisi.

Wenceslao alikuwa mwanafunzi wangu kwetu Isla Yatay. Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Ña Obdulia, akaniomba niwe baba yake wa kipaimara, nikakubali. Mtoto mtulivu, mwenye mwandiko mzuri. Kila aliponikuta njiani alisimama, akaunganisha viganja kifuani, akaomba baraka, nami nikainua mkono na kumbariki. Kama watoto wote wa kwetu kwa wakubwa wao. Aliendelea hivyo hata alipoanza kuvaa sare.

Mwaka 1969 nilikamatwa pamoja na mdogo wangu Celso, seremala. Karatasi za chama, wakati huo marufuku, zilikutwa kwenye karakana yake. Kwenye kambi ya jeshi tulikofungwa, Wenceslao alikuwa luteni. Alipita mbele ya mlango wetu bila kututazama. Walimtoa Celso jioni moja kwa mahojiano, hakurudishwa chumbani. Alfajiri yake Wenceslao akanitoa mimi, akanilaza kwenye lori chini ya magunia ya unga, akanifikisha ukingoni. Mtumbwi ulikuwa tayari. Pale, na bastola yake kiunoni, aliunganisha viganja. Baraka, baba. Nikambariki. Nikamuuliza: Celso je? Akasema: kesho.

Nilikaa ukingo wa huku nikiisubiri kesho hiyo. Deolinda, mke wa Celso, alivuka mwaka uliofuata. Naye akasubiri.

Mtawala wa wakati ule alipoangushwa, wenzetu wengi walirudi. Mimi nilisema nitarudi siku Celso atakapoonekana, si kabla. Nimelisema hilo kila mwaka.

Basi hayo ndiyo ninayoyajua. Sijui kama kesho ile ilikuwa ahadi iliyoshindikana, au neno la kuniharakisha nipande mtumbwi. Watu watamuuliza kuhusu bei ya pamba na barabara. Mimi nina swali hilo moja.

Jumatano, 11 Septemba

Nilimwambia Deolinda habari za uteuzi. Anaishi kwangu, chumba cha nyuma, tangu mke wangu afariki. Anaoka chipa, mikate yetu midogo, na kuziuza kituo cha basi. Alikuwa anakanda unga wa muhogo na jibini, hakusimamisha mikono.

"Mtoto wa Ña Obdulia? Rais? Shemeji, huyo alikuwa anakimbizwa na bata wa mama yake."

"Watu hubadilika."

"Bata hawajabadilika."

Kisha akasema, bila kuniangalia: mimi nataka mifupa ya Celso tu. Urais achukue yeye.

Jumamosi, 14 Septemba

Wenceslao amekuja!

Hatukuambiwa — au labda Crispín aliambiwa, maana alivaa tai. Magari mawili mbele ya duka la kinyozi, wapiga picha, mtaa mzima mlangoni. Nilikuwa kwenye kiti, kitambaa shingoni, upande mmoja wa uso una povu.

Nywele zake ni nyeupe sasa. Shati la pamba lililotariziwa, la kwetu. Kofia mkononi. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa.

"Baraka, baba."

Na mkono wangu wa kulia ukainuka.

Sikuuinua mimi! Uliinuka kama goti linavyoruka daktari anapoligonga. Ukatoka chini ya kitambaa, ukachora msalaba hewani, na mdomo wangu ukasema Mungu akubariki, mwanangu. Kwa sauti. Mbele ya wote. Miaka thelathini na mitatu nimemwandalia mtu huyu maneno. Nimeyapanga, nimeyapunguza, nimeyang'oa yaliyozidi. Hakuna hata moja lililotoka.

Kamera zilipiga na kupiga. Wanawake mlangoni walikuwa wanafuta machozi. Crispín pia.

Mengine kesho.

Jumapili, 15 Septemba

Jenerali aliomba tuzungumze kwangu, bila wapiga picha. Tukakaa mezani. Deolinda akaleta chipa za moto, naye Wenceslao akaunganisha viganja tena, kwa Deolinda. Lakini Deolinda alikuwa ameshika sinia, mikono haikuwa na nafasi, na jambo likapita hivyo.

Aliuliza kuhusu presha yangu. Kuhusu mke wangu, Mungu amrehemu. Alikumbuka ubao wa shule uliokuwa na ufa. Alisema, mama, chipa zako ni zilezile.

Nikamuuliza. "Wenceslao, Celso yuko wapi?"

Aliutazama mlango. Umefungwa.

"Baba, tuliache hilo mpaka baada ya Desemba."

"Kwa hiyo unajua alipo."

"Najua."

Deolinda alikuwa amesimama na sinia lake. Hakusogea.

Alieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza mbele ya ramani. Akisema leo, wataulizana alijuaje. Wakiulizana hivyo, hapiti. Asipopita, atapita mwingine ambaye hatafungua kambi hata moja. Akipita, atazifungua zote. "Si Celso tu, baba. Wote." Alisema vizuri. Huo ndio ugumu wake. Sikupata kosa katika hesabu yake.

"Na ile kesho?" nikauliza.

"Nilipokuambia kesho, alikuwa ameshafariki. Usiku ule ule. Ningekuambia, usingepanda mtumbwi."

Ni kweli. Nisingepanda.

Ndipo Deolinda alipofungua mdomo. Hakupandisha sauti. "Mimi nilimpelekea shati safi kambini kila Jumatatu, mpaka mvua zikaisha. Walikuwa wanalipokea getini. Nani alikuwa anavaa mashati yangu?"

Jenerali alikuwa na kipande cha chipa mkononi. Baada ya muda akakitia mdomoni, akakitafuna, akakimeza. Sidhani kama alikuwa na njaa. Nadhani hakujua la kufanya na kipande kile. Lakini nilimwona akikimaliza.

Jumanne, 17 Septemba

Picha imetoka ukurasa wa mbele, magazeti ya pande zote mbili za mto. Mimi na povu langu, yeye na viganja vyake. "Mwalimu ambariki mwokozi wake." Kwenye picha mkono wangu uko juu kabisa. Naonekana mtu mwenye furaha.

Mwanahabari wa redio alipiga simu kutoka Encarnación, upande wa nyumbani. Je, ulimbariki? Ndiyo. Je, unamuunga mkono? Nikasema kumbariki mtoto ni kitu kimoja, kumkabidhi nchi ni kitu kingine. Jioni wakarusha sauti yangu. Walirusha ile ndiyo tu.

Crispín ananiuliza kwa nini nisitangaze tu kwamba naitengua. Baraka haitenguliwi! Anajua hivyo, amezaliwa kulekule. Mama yangu alimbariki hata mpwa wake aliyemuibia ng'ombe, kisha akaenda polisi kumshitaki. Mkubwa kumnyima mdogo baraka mbele ya watu — hilo nimelisikia mara moja tu maishani, na familia ile ilihama mji.

Ijumaa, 20 Septemba

Crispín alikuja nyumbani, mchana wa jua kali, bila kofia. Akakataa kukaa.

Ujumbe wake: Jumapili ya tarehe 29, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, jenerali anafungua kampeni Isla Yatay, uwanja wa kanisa. Ananitaka jukwaani. Si lazima nihutubie. Nikae tu kiti cha mbele. Jioni yake mtu wake atamchukua Deolinda, kimyakimya, bila magazeti, amwonyeshe mahali Celso alipo. Aweke msalaba.

"Na nisipopanda?"

Alijifuta jasho. "Wanasema... wanasema pia kuna suala la maji, Don Isidro. Pale ni bondeni. Wakiinua maji ya bwawa la mtoni tena mwakani, pale panazama."

"Umetumwa useme hivyo hivyo?"

"Nimetumwa. Mimi nakata nywele tu. Lakini nimetumwa."

Sikujua kama Deolinda alisikia. Kisha nikaona mlango wa jikoni uko wazi.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimempima Wenceslao siku tatu. Upande mmoja: aliniokoa. Hakulipwa. Wangemgundua, wangempiga risasi pale pale mtoni. Aliyekuwa mwoga angekaa kitandani. Sitamwita mwoga.

Hakuiba. Hakujenga majumba. Na kuhusu kambi nyingine huenda yuko sahihi — huenda ni yeye tu anayeweza kuzifungua.

Upande wa pili kuna lile sinia la chipa. Amejua. Amepanda cheo huku anajua, amestaafu huku anajua, amemwomboleza mama yake mwenyewe kwenye kaburi lenye jina, huku anajua. Na alipoamua hatimaye kulitoa jambo hilo mfukoni, alilitoa kama bei. Mtu anayejua pa kuchimba na anangoja kura — akishapewa nchi nzima, atangoja nini tena?

Si muuaji. Si mwizi. Ni mtu anayeweka akiba. Ameweka akiba ya wema alionitendea, ameweka akiba ya maiti ya ndugu yangu, na sasa anazitoa zote siku moja.

Na kuna jambo jingine, la kwangu. Jumamosi ile nilielewa kwamba nchi ile bado inauendesha mkono wangu. Naweza kukaa huku na vitabu vyangu na kufikiri nitakavyo. Kule, mtu akiunganisha viganja, nimekwisha.

Nilimwambia Deolinda sipandi. Alitupa kitambaa cha mezani.

"Panda, shemeji! Kaa pale kama sanamu ya kanisani. Nikishampata Celso, shuka useme unalotaka."

"Nikishapanda, nimeshasema."

"Wewe una maneno yako. Una vitabu vyako, redio inakupigia simu. Mimi nina nini? Niambie. Nina nini?"

Chakula kilipoa. Kila mmoja alikula kwake.

Alhamisi, 26 Septemba

Hatusemezani. Leo Deolinda alirudi kutoka sokoni na maharage mengi kuliko kawaida, kwa ajili ya chungu cha tarehe mosi Oktoba. Hata huku hajawahi kuiacha siku hiyo: lazima nyumba inukie chakula, ili Dhiki, jitu la hadithi za kwetu, ikipita na kofia yake ya majani na mjeledi wake, ione tumeshiba, iende kwa wengine. Aliyaweka mezani mbele yangu. Angalau bado ananihesabu kwenye chungu.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo sikwenda kwa kinyozi. Deolinda alikuwa anapiga pasi gauni lake jeusi. Alinisemesha yeye kwanza.

"Siku ile kwa Crispín. Ungeweza kuuzuia huo mkono?"

"Nisingeweza."

"Kwa sababu hukujiandaa."

"Kwa sababu sisi ndivyo tulivyo, Deolinda."

Aligeuza gauni, akapiga pasi upande wa pili. Kisha akasema yote, polepole, kama mtu anayetaja vya kununua. Mimi nibaki. Aende yeye. Yeye ni mke wa mdogo wangu, kwa hiyo kwa Wenceslao ni mkubwa wake. Jukwaani hana njia ya kumpita bila kuomba baraka. "Ataunganisha viganja tu, shemeji. Mbele ya kamera ataunganisha. Ameshaona inavyolipa."

"Halafu?"

"Halafu mimi mkono wangu haupandi. Sitapiga kelele. Sitamtukana. Nitamwuliza mume wangu yuko wapi, na nitasimama. Akitaja mahali, nambariki, na Mungu ambariki kweli. Asipotaja, asimame na viganja vyake mpaka jua lizame."

Nilimwambia jambo hilo halifanywi. Nilimwambia watu watamzomea, watamwita mchawi, watamshusha. Nilimwambia pia anaweza kupoteza yote: akimwaibisha, hatamwonyesha chochote, na maji yatapanda.

"Nimefikiria."

"Na mkono ukiinuka wenyewe, kama wangu?"

Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama, viungo vimevimba kwa miaka ya kukanda. "Huu umelala na shati tupu miaka yote hii," alisema. "Unajua kungoja."

Alipomaliza gauni akatoa shati jeupe la kiume, la zamani, akalipiga pasi nalo, akalifunga kwenye karatasi.

Wakati anachomoa pasi, aliuliza: "Nikimpata nimzike wapi, shemeji? Kule au huku?"

Nilijifanya sijasikia.

Jumapili, 29 Septemba

Gari lilifika mapema. Dereva kijana mwenye adabu, anafungua mlango. Deolinda akamwambia Don Isidro haendi, naenda mimi, mjane wa nduguye. Dereva akapiga simu. Alisikiliza, akatabasamu. Wamefurahi! Mjane ni bora zaidi, nadhani ndivyo walivyomwambia. Akataka hata kumbebea kifurushi cha shati. Deolinda hakumwachia.

Aliniomba nibadilishe maji ya maharage yasije yakachacha — ameyaloweka mapema mno, hakuwa na utulivu. Ndilo neno la mwisho aliloniambia. Gari likachukua njia ya darajani.

Redio iko mezani. Crispín amekuja kukaa nami, amevua tai. Anatengeneza terere na maji yanamwagika.

Wanaimba wimbo wa Mtakatifu Mikaeli. Kengele ile naijua, ina upande uliopasuka. Watu wengi, anasema mtangazaji, wengi kuliko sikukuu yoyote. Padre amemaliza. Jenerali anapanda. Makofi.

Mtangazaji anataja wageni. Anasema kuna mama mmoja mwenye gauni jeusi, shemeji wa yule mwalimu wa kwenye picha, amesimama badala ya kukaa. Anasema jenerali amemwona. Anasema, sikilizeni ndugu wasikilizaji, jenerali amevua kofia. Anamwendea. Ameunganisha viganja mbele ya mama huyu, mbele yetu sote, kama mtoto wa kwetu.

Makofi. Makofi marefu.

Sasa yanapungua.

Crispín amesimama na pembe mkononi. Nimemwambia akae, hasikii.

Sauti ya mwanamke, mbali na kipaza sauti. Maneno hayakamatiki. Ni machache. Najua ni yapi.

Hakuna makofi tena. Kuna upepo kwenye redio. Mtoto analia mahali fulani. "Mama bado," ananong'ona mtangazaji, kana kwamba yuko kanisani. "Mama bado hajainua mkono."

Nimesubiri aseme kingine. Hasemi. Maji ya maharage yamejaa povu, sijayabadilisha. Naandika ili mkono wangu uwe na kazi, maana tangu viganja vile viunganishwe unataka kuinuka, hapa hapa mezani, mbele ya redio. Nimeukandamiza na kalamu.

"Bado," anasema mtangazaji.

Deolinda aliniuliza amzike Celso wapi. Nilipaswa kumjibu kabla hajapanda gari. Huku. Akipatikana, aletwe upande huu. Nilisema nitarudi siku hiyo. Mimi sitarudi.